UZI: Kikundi kishike hesabu yake ya gesi joto kabla mwenye mradi hajaleta karatasi

Mkulima wa Kano (Ahero)

Hamjambo wote. Uzi huu ni wa vikundi vya wakulima, vyama vya akina mama na kamati za tabianchi za wadi, kuanzia Nyando mpaka Bungoma, na ndugu zetu wa Nakuru pia. Ni mrefu, mnivumilie.

Siku hizi haupiti msimu kabla hajaja mtu kijijini na habari za kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa gesi joto, kama hewa ukaa, ambayo shamba au jiko lako limezuia isiende angani. Kikao kinaitishwa, soda zinagawanywa, watu wanaweka sahihi, mgeni anaondoka na orodha ya majina na ukubwa wa mashamba. Mwaka ukiisha, muulize mwanachama shamba lake limehifadhi hewa ukaa kiasi gani. Hajui. Mwenyekiti naye hajui. Hesabu iko kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na mwenye hesabu ndiye anayepanga bei.

Ninalotaka kusema ni moja: tupime wenyewe kwanza. Mkaguzi wa kimataifa hatachukua daftari letu na kulipiga muhuri, hilo tuliweke wazi mapema. Lakini kikundi chenye daftari kinaweza kuuliza, kinaweza kukataa, na kinaweza kujua kazi ipi inapunguza gesi na ipi ni maneno ya kikaoni. Tena hesabu zenyewe hazitishi. Mtu yeyote mwenye simu yenye kikokotoo anaziweza.

Tuanze na miti, maana hapo ndipo wengi wanapoingizwa. Chukua tepu ya fundi wa nguo. Pima mzingo wa mti mita 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua. Tuseme umepata sentimita 63. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 20. Sasa, watafiti walikata na kupima uzito wa miti ya mashambani hapa hapa magharibi mwa Kenya, wakachapisha kanuni mwaka 2012: kipenyo kikipandishwa kipeo cha 2.472, kisha kikazidishwa kwa 0.091, unapata kilo za mti mkavu ulio juu ya ardhi. Kwa mti wetu inakuja takriban kilo 150. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, tuseme kilo 70. Zidisha kwa 3.67 ili kuigeuza kuwa hewa ukaa: kama kilo 257.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mti wenye kipenyo cha sentimita 10. Unapata kilo 27 tu za mti mkavu. Kipenyo ni nusu, lakini mti mkubwa umebeba zaidi ya mara tano. Ndiyo maana naumia nikiona miti ya siala ya miaka mingi (wenzetu Waluhya wanaiita lusiola) ikiangushwa mpakani ili papatikane nafasi ya miche ya mradi. Miche inahesabika vizuri kwenye ripoti. Siala iliyoangushwa haiandikwi popote.

Ng'ombe ni habari ngumu zaidi. Ng'ombe akicheua anatoa metani, na kilo moja ya metani inahesabiwa kama kilo 28 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kiwango cha kawaida ambacho jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, liliweka mwaka 2006 kwa Afrika ni kilo 46 za metani kwa mwaka kwa ng'ombe wa maziwa, na kilo 31 kwa wengine. Kwa hiyo ng'ombe wa kienyeji mmoja ni kama kilo 868 za hewa ukaa kwa mwaka, wa maziwa kama 1,288. Lakini kiwango hicho ni cha bara zima. Hapa Nyando watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walifanya kazi ya maana: walipima uzito wa ng'ombe wa wakulima wadogo msimu kwa msimu, wakaangalia malisho waliyokuwa wakipata, ndipo wakakadiria metani yao. Ng'ombe wa Nyando anakonda kiangazi, anajaa mvua ikirudi. Kiwango cha bara hakilijui hilo.

Na dawa yake si kuuza ng'ombe wote. Angalia maziwa. Tuseme ng'ombe anatoa lita 2 kwa siku kwa siku 300: lita 600. Gawanya ile 1,288, kila lita inabeba kilo 2 na zaidi. Akilishwa nepia, desmodiamu na kaliandra akafika lita 8, metani yake itapanda kwa sababu anakula zaidi. Tuseme imefika kilo 70, sawa na hewa ukaa kilo 1,960. Lakini maziwa ni lita 2,400. Kila lita sasa ni kama kilo 0.8. Boma lenye ng'ombe wawili walioshiba linaweza kuwa na gesi chache na maziwa mengi kuliko boma lenye watano wenye njaa. Nawajua wazee watakaonipinga hapa, maana ng'ombe wetu ni mahari, ni matanga, ni benki. Sawa. Ng'ombe hao waandikwe kwenye daftari pia, bila kumhukumu mtu.

Kamati za wadi zilizoundwa chini ya mpango wa fedha za tabianchi mashinani zinaweza kuwa mahali pa kuweka madaftari haya. Zinakutana tayari.

Karibuni. Mwenye uzoefu aongeze, mwenye swali aulize.

Nyar Alego (Siaya)

Ndugu Mkulima, nimesoma mpaka mwisho na nina uchungu wa kweli. Afrika nzima inatoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Mama yangu anapikia mawe matatu, ana ng'ombe wawili, hajawahi kupanda ndege. Mafuriko ya Nyando yanabomoa nyumba za watu ambao hawakuchafua chochote. Halafu tuambiwe tushike daftari tuhesabu pumzi ya ng'ombe? Waliochafua ndio wapime, na walipe.

Mkulima wa Kano

Dada, unayosema ni haki na sitayapunguza hata kidogo. Deni ni lao. Lakini angalia linavyolipwa sasa: wanakuja kununua punguzo letu ili waendelee kuchafua kwao. Biashara hiyo ipo, tupende tusipende. Mama yako asipokuwa na hesabu ya kuni zake, kuna mtu atamwandikia hesabu hiyo na kuiuza.

Kuhusu sheria, kila mtu anataja asilimia 40. Ni kweli, marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanasema miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa jamii, na miradi isiyo ya ardhi asilimia 25. Kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Lakini someni vizuri. Makubaliano ya maendeleo ya jamii yanayotajwa mle ni ya miradi iliyo kwenye ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Mashamba ya Vihiga, Bungoma, Kakamega na hapa Kano mengi ni ya watu binafsi wenye hati. Kwa shamba lako mwenyewe, ngao yako ya kwanza ni ile karatasi unayotia sahihi. Halafu kuna maneno "baada ya gharama za kuendesha mradi". Mwenye mradi akisema gharama zimemeza mapato, utambishia kwa kitu gani kama huna hata hesabu ya tani?

Mzee wa Kimilili (Bungoma)

Nawasalimu. Mimi ni mmoja wa wakulima wa mradi wa kaboni ya udongo wa Vi Agroforestry, ule uliosimamiwa pamoja na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia. Ulikuwa mkubwa: Bungoma, Kisumu, Siaya. Mkataba wa kununua kaboni ulitiwa sahihi 2010, na Januari 2014 zikatolewa krediti (vyeti vya kuuza, kimoja kwa kila tani ya hewa ukaa) za kwanza duniani kwa njia ile ya kupima kilimo endelevu: tani 24,788 za hewa ukaa. Tulijivuna, na tulikuwa na sababu.

Niwaeleze ilivyofanyika, kwa kuwa wengi wanadhani udongo wa kila shamba ulipelekwa maabara. Hapana. Wakulima tulijaza fomu kila mwaka: ekari ngapi, umepanda nini, umevuna magunia mangapi, mabua umeyafanya nini, samadi kiasi gani, miti mingapi. Hizo ndizo zilizoingizwa kwenye kielelezo cha kompyuta kinachoitwa RothC, nacho kikakadiria kaboni iliyoongezeka udongoni. Kwa hiyo mpimaji wa kwanza alikuwa mkulima mwenye kalamu. Fomu ikijazwa ovyo, kompyuta inatoa ovyo.

Pesa ya kaboni yenyewe haikutajirisha mtu. Chukua hizo tani, zigawe kwa maelfu ya wakulima, utaona kila mmoja anabaki na kitu kidogo sana. Faida yangu mimi ilikuwa mahindi. Nilipoacha kuchoma mabua na kuanza kuyalaza shambani, nikapanda kaliandra kwenye makinga maji, udongo ulianza kushika maji. Mwenye kuingia kwenye mambo haya kwa ajili ya cheki tu atavunjika moyo, namwambia mapema.

La mwisho: kuna watu wanawaambia wakulima wapunguze mbolea ya dukani kwa ajili ya tabianchi. Vijana, tuhesabu. Mfuko wa CAN wa kilo 50, ikiwa ni asilimia 26 naitrojeni, una kilo 13. Kiwango cha IPCC ni kwamba asilimia 1 hivi ya naitrojeni hiyo inageuka kuwa gesi ya naitrasi oksidi udongoni; ili kupata uzito wa gesi yenyewe unazidisha kwa 1.57. Gesi hiyo ni kali, mara 265 ya hewa ukaa. Ukimaliza kuzidisha unapata kama kilo 54 za hewa ukaa kwa mfuko, bila kuhesabu ya kiwandani. Linganisha na ng'ombe. Na watafiti waliofunika udongo wa mashamba ya Nyando kwa vyombo maalumu ili kukamata gesi walikuta inayotoka ni kidogo, kwa sababu mbolea yenyewe tunayotia ni kidogo. Weka mbolea kwa wakati, karibu na shina, kwa awamu. Usimnyime mahindi chakula.

Mfinyanzi (Maseno)

Shikamoo Mzee wa Kimilili. Asante kwa kusema ukweli wa cheki.

Mimi natengeneza jiko la upesi, lile la udongo linalojengewa jikoni. Nimeona makampuni mengi ya jiko yakija na kuondoka. Moja, silitaji, liligawa majiko kijiji kizima, likapiga picha, na halikurudi kuuliza kama yamepasuka. Mengi yalipasuka.

Kupima kuni ni kazi rahisi kuliko ya miti, na inapaswa kuwa mikononi mwa wanawake kwa sababu sisi ndio tunaobeba. Mnahitaji mzani wa kuning'iniza, ule wa mnunuzi wa mahindi. Asubuhi pima rundo la kuni za nyumba. Kesho yake saa ile ile pima zilizobaki, ukijumlisha zilizoongezwa. Fanya hivyo siku tatu mfululizo au zaidi. Andika waliokula kila siku, watoto kando, watu wazima kando, kwa sababu siku ya wageni moto hauzimiki. Fanya kwanza kwa mawe matatu, kisha jiko jipya likishazoeleka. Msipime wiki ile ile jiko limeletwa. Kila mtu analitumia wiki ya kwanza.

Na andikeni mnapika nini. Nyoyo (mahindi na maharagwe) inakaa motoni saa nyingi, omena (dagaa) haikai. Jiko la majaribio la maabara linachemsha maji tu. Kwetu hakuna anayekula maji yaliyochemka. Tena mama akiwa na jiko jipya bado atawasha mawe matatu kwa chungu kikubwa cha matanga. Msilifiche hilo. Kuna utafiti uliotoka 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability, ukachunguza miradi ya majiko sehemu nyingi duniani, ukakuta krediti zilizotolewa ni nyingi mara 9 hivi kuliko punguzo la kweli. Sababu mojawapo ni hiyo: walidhani jiko la zamani limetupwa.

Sababu nyingine ni kuni zenyewe. Kuni inayokatwa kwenye mti unaochipua tena haihesabiwi kama kuni inayomaliza msitu. Kwa miaka mingi miradi iliruhusiwa kuhesabu kwamba asilimia 92 ya kuni za Kenya hazirudi. Asilimia 92! Sisi huku tunapunguza matawi ya ua na ya kaliandra, yanarudi mvua ikinyesha. Mtu wa Kakamega anayechukua kuni msituni ana hesabu tofauti. Kwa hiyo daftari liwe na safu nyingine: kuni imetoka wapi.

Kilo moja ya kuni kavu ikiungua hutoa kama kilo 1.75 za hewa ukaa. Zidisheni kwa kilo mlizookoa, kisha hesabuni zile za miti isiyorudi tu. Itakuwa namba ndogo kuliko ya kampuni. Lakini ni yenu na ni ya kweli. Na moshi uliopungua machoni mwa mama haungoji mkaguzi.

Rider wa Pipeline (Nakuru)

Wakubwa, heshima. Hakuna aliyetutaja sisi wa mjini. Nimejaribu hesabu ya pikipiki. Petroli lita moja inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Tuseme bodaboda anachoma lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kilo 2,760. Yaani boda mmoja anazidi ng'ombe watatu wa kienyeji wa Mkulima! Nimeshtuka. Steji moja ina boda wangapi?

Na sisi Nakuru tuna mvuke wa Olkaria pale Naivasha. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 ni wa mvuke, maji, upepo na jua, kwa hiyo pikipiki ya umeme hapa ni safi kweli, si kama nchi inayochoma makaa ya mawe. Tatizo ni bei na betri, na mkopo wake. Chama chetu cha steji kimeanza kuandika lita za kila mtu kwa wiki. Lengo la kwanza si kaboni, ni kwenda kwa chama cha akiba na mkopo na karatasi inayoonyesha tunatumia pesa ngapi kwa petroli, ili watukopeshe pikipiki za umeme. Hewa ukaa inahesabiwa hapo hapo, bila kazi ya ziada.

Swali langu ni takataka. Zile za sokoni zinazoenda jalala la Gioto zinahesabiwaje?

Mkulima wa Kano

Kaka, hiyo ya lita ndiyo daftari bora kuliko yote yaliyotajwa hapa, maana haina makadirio. Lita ni lita.

Takataka: kinachotoa metani ni kile kinachooza pasipo hewa. Maganda, mabaki ya mboga na matunda yakifukiwa chini ya rundo kama la Gioto, yanaoza bila hewa na kutoa metani kwa miaka. Yakiwekwa kwenye mboji inayogeuzwa, metani inapungua sana. Kwa hiyo pimeni kile kinachotengwa: ndoo au gunia lililojaa, kilo ngapi, siku gani, limeenda mboji au limeenda jalalani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hiyo mna mahali pa kusimamia mkizungumza na kaunti.

Tahadhari moja kwa wenye mitungi ya bayogesi, kwa kuwa najua itaulizwa. Bayogesi ni metani. Ukiichoma jikoni inageuka hewa ukaa, na umeokoa kuni. Mtungi ukivuja, au gesi ikizidi ukaiachilia hewani, umetoa ile ile gesi yenye nguvu mara 28. Sabuni ya maji kwenye viungio vya bomba itakuonyesha povu mahali panapovuja. Fanyeni hivyo kila mwezi.

Nyar Alego

Nimerudi. Bado nasema walipe. Ila nimemwambia mama aanze kupima kuni, na kikundi chake cha kuweka akiba kimekubali kununua mzani mmoja wa pamoja. Mama Mfinyanzi, kuni mbichi zinapimwaje? Mvua hii hakuna kavu.

Mfinyanzi

Dada, pima kama zilivyo na uandike "mbichi" pembeni. Kisha chukua vipande vichache, pima, vianike darini juu ya moto mpaka viwe vyepesi na visipungue tena, upime tena. Tofauti ndiyo maji. Mkishaijua kwa aina mbili tatu za miti yenu, mtaitumia kwa rundo lote.

Kijana wa West Kano

Mkulima, wewe ni wa mpunga na hujasema neno kuhusu mpunga. Maji yakisimama shambani si ni kama lile rundo la taka?

Mkulima wa Kano

Umeniwahi, nilikuwa nauacha kwa uzi wake lakini nitaeleza kidogo.

Ndiyo, tope lisilo na hewa linatoa metani muda wote maji yamesimama. Dawa ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Kwa viwango vya IPCC, shamba linalokaushwa mara kadhaa katika msimu linatoa kama asilimia 55 ya metani ya shamba lenye maji siku zote. Naitrasi oksidi inaongezeka kidogo, lakini kwa jumla bado umepunguza.

Kipimo chake ni bomba la plastiki lenye matundu ubavuni, limezikwa shambani na mdomo uko juu. Baada ya kupandikiza acha maji yasimame wiki mbili hivi ili magugu yasikushinde. Kisha acha yashuke. Chungulia ndani ya bomba: maji yakiwa sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia tena. Mpunga ukianza kutoa maua, usikaushe, acha maji mpaka maua yaishe. Andika tarehe ya kila kukausha na kila kufungulia, hiyo ndiyo hesabu yako yote.

Kwetu Ahero maji yanavutwa kwa pampu kutoka mto Nyando na bili ya umeme inatuumiza kila msimu, kwa hiyo kila zamu ya kukausha ni pesa iliyobaki mfukoni. Shida ni kwamba mfereji ni mmoja. Huwezi kukausha lako jirani akiwa anajaza lake. Bloku nzima ikae, ipange zamu, na mgawa maji apewe nakala ya zamu hizo kabla ya kupandikiza. Kama bloku yenu iko tayari, niandikie inboksi nikuonyeshe bomba letu tulivyolitoboa.